Daktari Akisema "Plastiki", Ana Maana Gani?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kitengela na Kajiado



Leo tunataka tufungue pamoja maneno machache ya hospitali. Si kwa ajili ya kujionyesha kuwa tumesoma. Ni kwa sababu mzazi asiyeelewa neno huogopa, na akiogopa humrudisha mtoto nyumbani. Mtoto aliyeungua hubaki na mkono uliojikunja, na yule aliyezaliwa na mdomo uliopasuka hufichwa wageni wakija. Jamani, mengi ya mambo haya yanatibika.

1. Upasuaji wa plastiki. Si plastiki ya mtungi wala ya ndoo. Neno hili lilitoka kwa Wagiriki, na maana yake ni kufinyanga. Mfinyanzi huupa udongo umbo. Daktari huyu huupa mwili umbo, na mara nyingi hutumia ngozi na nyama ya mgonjwa mwenyewe. Wala si kazi ya matajiri peke yao. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji huu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki. Ndiyo Amref ya leo. Walitaka kuwafikia watu wa mashambani walio mbali na hospitali.

2. Kurekebisha na urembo. Hapa watu wengi huchanganya. Kurekebisha ni kurudisha kiungo kilichoharibika kwa moto, ajali, ugonjwa au kuzaliwa nacho hivyo. Urembo ni kubadilisha kiungo kizima ili kipendeze zaidi, kama kunyonya mafuta ya tumbo. Muulize daktari ni upi, kwa maana bima kwa kawaida hailipii urembo.

3. Kupandikiza ngozi. Ngozi nyembamba hutolewa mahali pazuri, mara nyingi pajani, ikafunika kidonda. Basi msishangae mkiona mtoto aliyeungua kifua ana bandeji pajani. Ngozi hiyo haina damu yake; huipata kutoka kwa kidonda, kama mche unavyotafuta maji kwenye udongo mpya. Ndiyo maana huambiwa mtoto asisogezesogeze mahali hapo siku za kwanza.

4. Flapu. Hiki ni kipande kinene cha ngozi, pengine pamoja na nyama, kinachohamishwa na mishipa yake ya damu. Hutumika pale mfupa umebaki wazi, kwa mfano mguu uliosagwa na pikipiki.

5. Kovu la kuvuta. Kidonda cha moto kikipona kwenye kiwiko, shingo au vidole, kovu huweza kujikaza na kukunja kiungo. Daktari huliita kontrakcha. Banzi na mazoezi ya mapema husaidia kulizuia. Likishatokea, hupasuliwa ili kulilegeza.

6. Keloidi. Ni kovu linaloota kupita mpaka wa kidonda chenyewe, mara nyingi sikioni au kifuani. Likikatwa tu bila matibabu mengine, laweza kurudi likiwa kubwa kuliko kwanza. Usikubali likatwe kwa wembe nyumbani.

7. Mdomo uliopasuka. Wengine husema mdomo wa sungura. Si laana, wala mama hakumtazama mtu vibaya. Mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 hivi au zaidi. Kaakaa hungoja mpaka karibu mwaka mmoja. Hospitali zinazoshirikiana na shirika la Smile Train hufanya kazi hii bila malipo.

8. Idhini. Hii ndiyo karatasi unayotia sahihi au kidole gumba. Maana yake ni, "Nimeelezwa, nimeelewa, nimekubali." Kama hujaelewa, usitie kidole. Omba uelezwe kwa Kiswahili au Kimaasai. Uliza: Mtafanya nini? Hatari ni ipi? Mtoto atalazwa usingizi au atapewa ganzi tu? Tutarudi mara ngapi?

Vijana wetu wa Kitengela wanaovutwa na matangazo ya urembo Nairobi, nanyi sikieni. Upasuaji wa urembo ni upasuaji. Oktoba 2024 mama mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa namna hiyo, na kliniki ile ikafungwa kwa amri ya baraza la madaktari, KMPDC. Kabla ya kulipa, hakikisheni daktari na kliniki wote wana leseni ya baraza hilo.

Na mtoto akiungua leo? Mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, hata kama maji yenyewe ni ya kuchota mbali. Msipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Mfunikeni kwa kitambaa safi, mkimbizeni hospitali.

Ya kujadili katika kikundi:
- Je, kuna mtoto kijijini anayefichwa kwa sababu ya kovu au mdomo?
- Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake kwa upole?
- Mfuko wa kikundi unaweza kusaidia nauli ya hospitali, na ya kurudi kuonwa tena?