Kamera ya Wanasesere

Filamu ya wanasesere hutengenezwa haba na haba. Unapiga picha, unamsogeza mwanasesere kidogo, unapiga nyingine. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Hata ukiitumia kila picha mara mbili, dakika moja itakudai picha 720.

Kijana anayeianza kazi hii hukimbilia kamera ya video ya bei mbaya, akidhani ndiyo itakayompa picha angavu. Anakosea. Picha kamili ya HD ina nukta 1920 kwa 1080, yaani milioni mbili na kidogo tu. Kamera kuukuu ya picha mnato yenye nukta milioni sita imekwisha kupita hapo. Filamu ya Corpse Bride ya mwaka 2005, iliyopigwa London, ilitumia kamera za picha mnato za Canon, si za sinema.

Basi dukani usianze na nukta. Uliza: je, mwanga, rangi na fokasi vyaweza kupangwa kwa mkono na vikabaki hivyo hivyo? Kamera inayojiamulia hubadili vipimo kila picha, na filamu yako itapepesa kama taa ya umeme hafifu. Kazi ya siku tatu imeharibika.

Nunua iliyotumika. Fedha inayobaki nunua stendi nzito na taa mbili, kisha ufunge mapazia, maana jua nalo husogea.

Kamera haichezi, ndugu yangu. Anayecheza ni mwanasesere, na anayemchezesha ni wewe. Hadi wiki ijayo, kwaherini.