Nani Kasema Mpira Si Wetu?



Filamu za michezo zinazoliwaza moyo zina njia yao. Mtoto wa kimaskini ana kipaji, wenye nacho wanambeza, anashinda, tunalia. Queen of Katwe ya Mira Nair, ya mwaka 2016, imepita njia hiyo hiyo, nami nimelia kama wengine. Phiona Mutesi, mtoto wa Katwe, Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi, anakaa kwenye sataranji na watoto wa skuli za kifahari. Akiwafunga, roho zetu zinatulia.

Dharau ya namna ile ni rahisi kuichukia, maana anayeitoa ni mtu baki. Iliyonileta leo ni filamu nyengine, Zanzibar Soccer Queens ya mwaka 2007, ya Florence Ayisi, Mkameruni aliyekuwa akifundisha Wales. Inaifuata timu ya Women Fighters ya hapa Unguja na kocha wao, Nassra Juma Mohammed. Ukitafuta adui humo humpati. Mwenye kumzuia binti ni baba, mume, shangazi, jirani: watu wanaompenda, wanaochelea asije akaitwa mhuni. Hoja ya dini ikijibiwa huletwa ya mila. Na hiyo ikijibiwa, huulizwa nani atamuoa.

Wachezaji nao hawakutoka kupigana na mji. Mechi ikisha, bukta inafunikwa, mtandio unarudi kichwani, watu wanakwenda makwao. Mgeni huenda akaona hapo mgongano, mimi sioni.

Ile hoja kwamba mpira kwa wanawake ni jambo la kuletwa, basi isisemwe hapa Kizimbani. Mikarafuu ililetwa kutoka ng'ambo, ikapandwa hapa na Mtoni mwanzoni mwa karne ya 19, na leo hakuna anayethubutu kuiita mgeni. Isitoshe, mpira wa wavulana nao ulikuja na meli, na hakuna aliyewadai cheti cha uzawa.

Mwaka 2016 Ayisi, pamoja na Catalin Brylla, alitoa Zanzibar Soccer Dreams. Wengi huipenda ile ya kwanza. Mimi naitanguliza hii, kwa sababu swali lake limehamia skuli, kwa watoto. Mvulana huanza chandimu kabla hajaijua alifu, wala haombi ruhusa. Dada yake akishaanza kukua huitwa ndani akoshe vyombo. Akifika ukubwani akataka kucheza, tunamcheka kwa kuukosa mpira, na miaka aliyonyimwa hatuihesabu. Bidii ya Nassra peke yake haitoshi kuirudisha miaka hiyo. Kinachohitajika ni kipindi kwenye ratiba, mwalimu, na kiwanja ambacho jioni hakitwaliwi chote na wavulana.

Wanafunzi wa ualimu mliokuja kutoka Tunguu, maswali ya mwanzo nitayapokea kwenu.