Gari la Mitumba Lenye Turbo: Breki Kwanza, Mbio Baadaye

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka, Dodoma)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo lolote ninalolijua kwa vitendo, siyo kwa kusoma tu. Nimechagua magari, na hasa magari ya mitumba yenye turbo, yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Wapo watakaocheka kwamba mtumishi wa Serikali amekuja kuzungumzia Subaru. Wacheke, lakini wasikilize. Kwa maana katika mji huu, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa kwa vitendo, vijana wengi wanaopata mshahara wa kwanza hukimbilia mkopo wa kununua gari la namna hiyo. Wengine hulifaidi. Wengine hubaki na deni la miaka mitatu na gari lililo juu ya mawe nyuma ya nyumba. Na wachache, kwa huzuni yetu sote, hatuwaoni tena katika mikutano kama huu.

Maneno yangu nitayagawa katika sehemu nne: magari haya yametoka wapi, kwa nini yanaifaa nchi yetu hii ya kati, namna ya kununua bila kuibiwa, na namna ya kulitengeneza upya kwa fedha kidogo.

Tuanze na asili. Turbo si kitu cha jana. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Kazi yake ni rahisi kueleza: moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo, na feni hiyo huzungusha nyingine inayosukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo huweza kuzidi, na nguvu ikaongezeka. Feni hizo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Likumbukeni tarakimu hilo, nitalirudia nikifika kwenye oili.

Na hiyo habari ya magurudumu manne katika gari dogo? Kampuni iliyotengeneza Subaru iliombwa na shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani, itengeneze gari la mafundi wa nyaya litakalopita kwenye theluji bila kuwagandisha kwa baridi kama jipu. Kutokana na kazi hiyo likauzwa mwaka 1972 gari la Leone la magurudumu manne. Kwa hiyo babu wa magari haya mnayoyasikia yakinguruma barabarani usiku alikuwa gari la fundi umeme! Hata jina lenyewe lina undugu nasi. Subaru kwa Kijapani ni lile kundi la nyota ambalo wazee wetu waliliita Kilimia, wakalitazama ili wajue majira ya kulima. Nembo ya nyota sita iliyo mbele ya gari ni Kilimia hicho hicho.

Sifa za mbio zilikuja baadaye, na kwetu Afrika Mashariki zililetwa na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1987 Hannu Mikkola alishinda kwa Audi ya magurudumu manne, na tangu hapo magari ya namna hiyo yakatawala. Mkenya Ian Duncan alishinda mwaka 1994 kwa Toyota Celica yenye turbo. Subaru Impreza ilishinda mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Lakini vijana, angalieni walivyoyaandaa magari yale. Waliyanyanyua kutoka ardhini, wakaimarisha shokapu, wakapandisha bomba la kuvutia hewa hadi usawa wa paa ili maji ya mto yasiingie kwenye injini. Walijua kwamba Safari haishindwi na mwenye mbio kuliko wote, bali na yule ambaye gari lake halikuvunjika. Joginder Singh, fundi wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Lilikuwa la mitumba, ndugu zangu, na lilishinda.

Sasa sehemu ya pili. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wanafunzi wa fizikia wanajua maana yake: hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Injini ya kawaida ikifika hapa hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Injini yenye turbo hufidia upungufu huo kwa kusukuma hewa zaidi. Ndiyo maana gari la cc 2,000 lenye turbo hupanda milima ya Nyang'oro katika barabara ya Iringa bila kulalamika, hata likiwa na watu watano na magunia.

Barabara kuu zetu sasa ni za lami: kwenda Morogoro, Singida, Iringa, na Kondoa hadi Babati. Lakini nyumbani kwa wengi wetu hakuko kando ya lami. Ukiacha lami kwenda vijijini Mpwapwa, Kongwa, Bahi au Chemba, unakuta mchanga wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua unakuta tope jeusi la mbuga linaloshika tairi kama ulimbo. Mzazi akiugua mwezi wa pili, gari lenye magurudumu mawili yanayovuta halifiki. Hiyo ndiyo sababu yangu mimi ya kununua Forester, ambayo tumbo lake liko kama sentimita 20 kutoka ardhini. Mbio sikuzihitaji.

Hapa natoa onyo. Magurudumu manne hukutoa kwenye tope. Hayakuvushi korongo lililojaa. Makorongo yetu huwa makavu miezi saba, kisha hushuka maji kwa saa moja tu kwa mvua iliyonyesha mbali usikokuona. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaling'oa reli ya kati upande wa Kilosa na Gulwe. Maji yaliyong'oa reli yatashindwaje na gari la kilo 1,500? Isitoshe, maji yakivutwa na injini, pistoni hushindwa kuyabana, na kamoni ya pistoni hupinda papo hapo. Subiri. Maji yatapungua, na mgonjwa ni afadhali achelewe saa mbili kuliko kuzikwa pamoja na dereva.

Sehemu ya tatu: kununua. Chukua fedha uliyo nayo, uigawe mafungu kumi. Saba ni za gari pamoja na ushuru wake. Tatu usiziguse, ni za kulirudishia afya gari hilo katika miezi sita ya kwanza. Asiyeweza kubakiza hizo tatu hajawa tayari kununua turbo. Anunue gari dogo la kawaida na hakuna aibu. Mkiagiza Japani, msitazame bei ya gari peke yake. TRA ina thamani yake inayotumia kukadiria, na kodi hupandana moja juu ya nyingine: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa unaoongezeka injini ikizidi cc 2,000, VAT, na ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8, mkubwa zaidi likizidi miaka 10. Magari mengi ya turbo tunayoyapenda yamekwisha vuka miaka hiyo. Pigeni hesabu kwanza katika kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata senti moja.

Ukinunua hapa nchini, nenda na fundi wako, usimtumie wa muuzaji. Lifike gari likiwa limepoa, liwashwe mbele yako. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, kwa turbo au kwa pistoni. Fungua rejeta ikiwa ya baridi, injini iwashwe: mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi. Kisha kata usukani mpaka mwisho, uende polepole kwa kuzunguka. Likishtuka na kujivuta kama limefungwa breki, mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma umekwisha haribika. Tazama tairi: zote nne ziwe za kipimo kimoja na zimelika sawasawa, kwa sababu tairi zisizolingana ndizo zinazoua difu ya katikati. Linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi.

Na someni vibandiko. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda wa taimingi hubandika karatasi ndani ya boneti, wakiandika tarehe na kilomita. Miaka yao huandikwa kwa enzi ya mfalme: Heisei, ongeza 1988, Reiwa, ongeza 2018. Katika yadi moja nilionyeshwa gari ambalo mita yake ilisoma kilomita 78,000. Kibandiko kikasema mkanda ulibadilishwa Heisei 24, yaani mwaka 2012, kwa kilomita 102,000. Nilimwonyesha dalali, akasema hajui Kijapani. Nikamwambia tarakimu si Kijapani, nikaondoka zangu.

Sehemu ya nne, ambayo najua vijana mnaisubiri: kulibadilisha. Nasema kwa utaratibu, na utaratibu huu msiupindue.

Kwanza, afya. Mkanda wa taimingi pamoja na puli zake na pampu ya maji. Kiwandani husema kilomita 100,000, na usipojua historia yake, badilisha leo. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini imekwisha. Kisha plagi, oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zote mbili. Oili ya injini ya turbo ibadilishwe kila kilomita 5,000, maana ile feni ya mizunguko 100,000 huelea juu ya oili tu. Na kwa vumbi letu, chujio la hewa likaguliwe kila mwezi wa kiangazi.

Pili, breki na tairi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 50 hadi 100, nguvu ambayo breki lazima iimeze huongezeka mara nne. Mwalimu wetu wa fizikia alituandikia hilo ubaoni. Barabarani ng'ombe wa Mgogo hukukumbusha. Pedi nzuri, oili mpya ya breki na tairi nne mpya ni mabadiliko yanayozidi turbo yoyote kubwa.

Tatu, miguu. Shokapu nzima, vipande vya kulinyanyua gari sentimita 2 au 3, na bamba la chuma chini ya injini. Hayo hufanywa na mafundi wetu hapa hapa kwa bei ya wastani.

Nne, macho. Mita ya joto na mita ya msukumo wa oili ni rahisi kufunga, nazo hukwambia ugonjwa kabla ya kifo.

Tano, na mwisho kabisa, nguvu. Ekzosi pana na kompyuta iliyoandikwa upya huongeza nguvu kweli. Lakini injini nyingi za turbo za Japani zilipangwa kwa petroli bora ya kwao inayouzwa kama oktani 100, na ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukiongeza msukumo juu ya petroli dhaifu, moto hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni hupasuka katikati ya ringi. Anayebadili ekzosi bila kurekebisha kompyuta, au kufunga valvu ya kupuliza hewa nje ili ipige mluzi, anaidanganya injini juu ya hewa iliyopima. Na mngurumo nao si nguvu. Sauti ile ya Subaru ilitokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu. Baadhi ya matoleo ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalisawazishwa mabomba, mngurumo ukafifia, na nguvu haikupungua. Debe tupu haliachi kuvuma, ndugu zangu.

Gari langu mimi limeishia hatua ya nne. Linakwenda kilomita 8 hadi 10 kwa lita, na gharama hiyo nimeipanga. Fungu la hatua ya tano lililipa ada ya mtoto.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa hoja. Vijana hawa watanunua magari, tupende tusipende. Naomba chama chetu kichange fedha tununue injini moja kuukuu, ya silinda nne na yenye turbo, tuilete katika chumba cha fizikia. Waifungue, waione feni, waishike pistoni iliyopasuka kwa mikono yao. Mimi naanza kwa mchango wangu leo, na nitakuja Jumamosi ya kwanza ya kazi hiyo nikiwa na spana zangu.