Kijana Mwenye Ulemavu Aulizwe Mwenyewe



Msichana wa miaka 15 anayetumia kiti cha magurudumu huku Ukambani ana mambo ya umri wake: mtihani wa hisabati, simu isiyo na bando, rafiki aliyenuna, wimbo mpya wa kwaya. Lakini mgeni akifika nyumbani humuuliza mama, “Huyu anakula nini?” Naye yuko papo hapo, na masikio anayo.

Njia ya shule mara nyingi hukatiza mto wa mchanga, kama Tiva kule Kitui au Kaiti kule Makueni. Magurudumu madogo ya mbele huzama. Anayesukuma huhangaika, kumbe kiti kikigeuzwa na kuvutwa kinyumenyume hupita kwa urahisi zaidi. Angemuuliza mwenye kiti, angeambiwa.

Shuleni, mlango wa choo ukiwa mwembamba, msichana huacha kunywa maji tangu asubuhi, na jua letu mnalijua. Kichwa humuuma, na maambukizi ya njia ya mkojo hayako mbali. Walimu wakiona anasinzia darasani, husema ni mvivu.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuheshimiwa, kutoitwa kwa namna ya kumdhalilisha, na kusoma shule anayoweza kuifikia na kuitumia.

Kamati za shule mnaojenga vyoo, mwiteni apime mlango kwa kiti chake kabla fundi hajaanza kujenga ukuta.