Fomu Ibandikwe Ukutani

Msikilizaji, uchaguzi wa serikali za mitaa ndio uchaguzi ambao mpiga kura humjua mgombea kwa jina la utani. Anajua anadaiwa na nani, anajua shamba lake linaishia wapi. Ajabu ni kwamba asichokijua ni sababu ya jina la mgombea huyo kukatwa.

Mwaka 2019 hapa Tanzania wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikubwa vikajitoa, CCM ikazoa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Tarehe 27 Novemba 2024 vyama vilirudi ulingoni. Malalamiko ya kuenguliwa nayo yakarudi, na matokeo hayakupishana sana na yale ya 2019.

Wengi wanasema dawa ni TAMISEMI, ofisi ya serikali inayousimamia uchaguzi huu, kuiachia kazi hiyo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Naunga mkono. Lakini vitongoji vyetu ni zaidi ya 60,000. Tume hata ikija kesho, atakayekaa na mhuri huko chini ni mtumishi yule yule wa halmashauri. Kwa hiyo mimi namtazama yeye na meza yake.

Mgombea akileta fomu, ikaguliwe palepale, yeye akiwa amesimama. Kama amekosea herufi au amesahau tarehe, arekebishe kabla hajaondoka. Agongewe mhuri wenye saa, apewe nakala. Akikataliwa, aandikiwe kifungu cha kanuni alichokivunja. "Hujakidhi vigezo" si sababu, ni kufukuzana kwa lugha ya kiofisi. Na siku ya mwisho ya kurudisha fomu, ofisi ya mtendaji isikutwe na kufuli eti mwenyewe yuko kikaoni.

Halafu matokeo. Kura zikishahesabiwa, fomu yenye saini za mawakala ibandikwe ukutani kituoni, ipigwe picha, iwekwe kwenye tovuti ya halmashauri. Tovuti hizo tunazo, nyingi zimejaa picha za wakubwa wakikata utepe. Wenzetu Kenya, baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa rais wa 2017, walijifunza. Mwaka 2022 tume yao ilianika mtandaoni fomu 34A za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000, watu wakajumlisha wenyewe majumbani. Kesi hazikukosekana, ila safari hii walibishania karatasi ambazo nchi nzima ilikuwa imeziona.

Uchaguzi wetu mwingine wa mitaa ni 2029. Kanuni za 2019 na za 2024 zote zilitoka mwaka wenyewe wa uchaguzi, watu wakazisoma mbio mbio. Basi usingoje hadi huko. Ukikutana na diwani wako wiki hii, muulize: fomu za matokeo za 2024 za mtaa wetu zinatunzwa na nani, na nikienda kuomba kuziona nitafunguliwa kabati?