Mlango Uliofungwa Saa Tatu za Asubuhi



Siku ya soko hapa Wundanyi milimani, mnunuzi wa maharagwe aliyeizoea kazi yake hatii mkono kinywani mwa gunia, akatazama punje alizozishika, akalipa. Huchukua bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji, akalidunga gunia ubavuni, kisha kitakoni, kisha upande wa pili karibu na mshono, na kila achomoapo humwaga punje katika kiganja cha kushoto, akazigeuzageuza kwa kidole gumba, akitafuta iliyotobolewa na fukusi na iliyoshika unyevu. Hana haja ya kulimwaga gunia zima chini, wala hana kinyongo na muuzaji. Anajua tu kwamba kinywa cha gunia aghalabu hupangwa na mtu aliyejua fika kuwa hapo ndipo mgeni atakapotazama kwanza.

Elimu ya takwimu, pamoja na hesabu zake zote ndefu, imesimama juu ya hekima ya bambo. Kwa kuwa haiwezekani kumwuliza kila mtu kila jambo, huulizwa wachache, nao wachache hao huitwa sampuli. Na shuruti ya sampuli ni kwamba kila punje katika gunia iwe na nafasi yake inayojulikana ya kutokea, bila ya jicho wala mkono wa mtu kuipendelea. Shuruti hiyo ni nyepesi kuitamka. Nitawaeleza jinsi nilivyoiona ikivunjwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza kijana mmoja aliyetumwa kuuliza watu wa mitaa yetu habari za chakula: kaya ilikula mara ngapi jana na juzi, akiba imebaki ya siku ngapi, nani alilala na njaa. Alikuwa kijana mwenye adabu na bidii, na mkononi alikuwa na orodha ya nyumba, zimechaguliwa kwa bahati nasibu na wakubwa wake, kila nyumba na namba yake. Tuliiacha barabara ya lami tukapanda kwa miguu, tukapita migomba na vishamba vya kabichi vilivyozuiliwa kwa kuta za mawe, na saa tatu za asubuhi tukafika nyumba ya mwisho ukingoni, tukakuta mlango umefungwa kwa kipande cha waya, mafiga yamepoa, na kuku mmoja anaparura majivu. Jirani aliyekuwa akianika mahindi akatuambia, “Mama hayupo, wanangu. Ameteremka nyika tangu juzi kulinda shamba, ndovu wamerudi.” Kijana akaitazama saa yake, akaifuta namba ile, akaandika ya jirani, ambaye alitukaribisha chai na kujibu kila swali kwa ukarimu. Nami nilinyamaza, na kunyamaza kwangu huko ndiko kulikonileta leo mbele ya kipaza sauti.

Maana swali lilikuwa la njaa, na mwenye habari ya njaa alikuwa nyika, amekesha juu ya dungu akipiga debe ili aokoe mistari michache ya mahindi. Na yule aliyepatikana nyumbani alipatikana kwa kuwa alikuwa na kitu cha kuanika. Hakuna uwongo ulioandikwa siku ile. Kila neno lilikuwa kweli, na jumla yake ikawa si kweli, kwa sababu aliyekosekana alikosekana kwa jambo lile lile lililokuwa likiulizwa. Na lau kijana yule angaliandika nyumba elfu kwa mtindo huo, wingi wake ungalimzidishia yakini tu, bila ya kumpunguzia kosa hata chembe.

Ardhi yetu hii imepata kuyaona mambo ya sampuli kwa namna ya kutisha. Zaidi ya nusu ya eneo la kaunti yetu ni mbuga za Tsavo, na huko, mwaka 1966, mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Richard Laws, akitaka kujua umri wa ndovu na jinsi wanavyozaliana, alitaka ndovu 300 wauawe ili wapimwe, nao wakauawa. Wapigaji hawakuachiwa kuchagua. Waliua jamii nzima kwa mara moja, majike pamoja na ndama wao, kwa kuwa mwindaji akipewa ikhtiari atamfuata mwenye pembe kubwa, na daftari litajaa wazee kana kwamba mbuga haina watoto. Kisha Laws akasema kwamba ndovu wa Tsavo si kundi moja, bali ni makundi kumi yenye makao mbalimbali, na kwamba 300 waliokufa walitoka katika kundi moja tu. Basi akataka 300 wengine katika kila moja la yale tisa, jumla yake 2,700. Mlinzi mkuu wa Tsavo Mashariki, David Sheldrick, akapinga, mzozo ukawa mkali, na hatimaye Laws akaondoka.

Nimelifikiri sana jambo hili, nami naona kila mmoja wao alishika upande wa haki. Laws alisema kweli kuwa kundi moja haliwezi kutoa ushahidi kwa niaba ya makundi tisa, kama vile mtu hawezi kupima mvua ya Wesu mlimani akaitangaza kuwa mvua ya Kishushe nyikani. Na Sheldrick alisema kweli kuwa yako majawabu ambayo bei yake haistahili kulipwa. Ukame wa 1970 na 1971 ukaja ukaua ndovu wapatao 6,000, wengi wao majike na ndama, kwani mama mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji kutafuta malisho. Wataalamu wakaokota mataya, maana umri wa ndovu husomwa katika magego yake. Lakini mfupa wa ndama ni laini, fisi huuvunja na jua huumaliza upesi, ilhali taya la ndovu mzima hudumu miaka. Kwa hiyo mwenye kuokota mifupa bila ya hadhari huweza kumpoteza ndama mara mbili, kwanza kwa njaa na kisha kwa hesabu.

Wala si ndovu peke yao. Kwa miaka mingi makadirio ya virusi vya Ukimwi katika Kenya yalitegemea damu ya wajawazito waliofika kliniki, hali wanaume hawamo, na kliniki zilizoteuliwa haziwezi kuwa sura ya kila kijiji. Utafiti wa 2003 ulipowapima wanawake na wanaume katika kaya zilizochaguliwa nchi nzima, ukakuta asilimia 6.7 ya watu wazima, chini ya yale yaliyokuwa yakikadiriwa. Na ndani yake wanawake walikuwa 8.7, wanaume 4.6. Siku hizi tena wako wanaouliza kwa simu, jambo la haraka na la gharama ndogo, nalo huwafikia wenye simu, wenye chaji na wenye mtandao.

Wajuzi wa kazi hii wameweka kanuni ambayo natamani kila mtafiti apandaye milima yetu aiweke moyoni. Katika utafiti mkubwa wa afya ya jamii wa 2022, nchi iligawanywa kwa kaunti, na karibu kila kaunti kwa mjini na mashambani. Yakachaguliwa maeneo 1,692, na katika kila eneo kwa kawaida kaya 25, na kaya iliyochaguliwa haibadilishwi kwa nyingine. Mlango ukifungwa, unarudi. Ukifungwa tena, unarudi kwa saa nyingine na siku nyingine, na usipompata kabisa unaandika kwamba hukumpata, ili atakayesoma ajue kuwa gunia lina mahali ambapo bambo halikufika. Kanuni hii ni ghali. Inataka viatu, posho ya siku za ziada, na msimamizi asiyemkemea kijana kwa sababu ya kuchelewa.

Siku ya nne tangu tuukute mlango ule umefungwa, nilipanda tena peke yangu, jioni, nikaona moshi. Mama yule alikuwa amerudi, miguu imejaa vumbi jekundu la nyika, amebeba mahindi mabichi yanayoenea katika kikapu kimoja. Mengine yote, alisema, yamekwenda na ndovu. Akanipa kigoda. Nikamwuliza yale maswali kama nilivyoyakumbuka, moja baada ya jingine: umekula mara ngapi jana, na juzi, na akiba ni ya siku ngapi. Akajibu yote, taratibu, akihesabu kwa vidole. Kijana alikuwa amekwisha shuka Voi na karatasi zake, nami sikuwa na mahali pa kumwandika.