Mtaalamu Asiyeeleweka ni Hasara kwa Taifa



Mwaka 2016 wananchi katika baadhi ya vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua ugonjwa uliowatisha. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, wengine wakatapika mfululizo. Watu wapatao 20 walipoteza maisha. Uchunguzi ulionyesha kuwa walikuwa wamekula mahindi yenye sumu inayotengenezwa na kuvu. Maabara huiita aflatoksini. Sisi sasa tunaiita sumukuvu. Kabla ya hapo, mwaka 2004, ndugu zetu wa Kenya, hasa wa Makueni na Kitui, walizika watu 125 kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa jiulize, ndugu msikilizaji: je, sumu hii ilikuwa siri? La hasha. Wanasayansi walianza kuichunguza baada ya bata mzinga kufa kwa maelfu huko Uingereza mwaka 1960, kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoingiwa na kuvu. Kutoka mwaka huo hadi vifo vya Dodoma na Manyara ni miaka 56. Maarifa yalikuwepo vitabuni na vyuoni. Yalikwama njiani, kabla ya kufika kwenye ghala la mkulima.

Yapo mengi yaliyoyakwamisha, lakini moja linatuhusu leo, nalo ni jinsi tunavyowafundisha vijana wetu wa sayansi. Mwanafunzi huanza kusoma masomo hayo kwa Kiingereza akiwa kidato cha kwanza, na huendelea hivyo hadi chuo kikuu. Hukariri fasili, huchora michoro, hujibu mtihani, huandika tasnifu ambayo husomwa na mwalimu wake na baadaye hukaa maktaba ikishika vumbi. Katika miaka yote hiyo, ni mara ngapi amepewa alama kwa kumweleza mama lishe, dereva wa daladala au mkulima wa mtama kile alichojifunza?

Matokeo yake tunayaona. Mtaalamu hufika kijijini na kutangaza kuwa mahindi yasihifadhiwe yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13. Amesema kweli tupu. Lakini mkulima hana kipimo cha unyevu, na hiyo asilimia haioni kwa macho. Anaitikia kwa adabu, anarudi nyumbani, na mahindi yanaingia ghalani kama yalivyo.

Yupo mwingine atakayesema hivi: mama, chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia mahindi kidogo, kisha chumvi kavu kijiko kimoja au viwili. Funga, tikisa vizuri, uache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Huyu naye amefundisha sayansi, na amefundisha kwa vitu vilivyomo jikoni.

Wapo wasomi wanaohofia kuwa kurahisisha ni kupotosha. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana kazi hii inahitaji kufundishwa. Mtaalamu aliyefunzwa vizuri ataongeza kuwa chumvi haipimi sumu. Hupima ukavu tu, tena kwa makadirio. Ataeleza kuwa mahindi yanayoonekana safi yanaweza kuwa na sumukuvu, na kwamba kupika ugali hakuiondoi. Na yale yaliyoota kuvu asilishwe ng'ombe, kwani sumu hutokea tena kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Kusema kipimo chako kinaishia wapi ni sehemu ya ukweli, na mwananchi ana haki ya kuambiwa.

Wengine husema Kiswahili hakina maneno. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Neno Ukimwi limebeba maelezo ya ugonjwa wenyewe: upungufu wa kinga mwilini. Hata sumukuvu, ukilisikia mara moja, umekwishajua nusu ya somo. Maneno tunayo, kinachokosekana ni mazoezi ya kuyatumia.

Lakini tusidhani kuwa kazi ni kusema tu. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba huko Lushoto, aliona kuwa mchanganyiko wake wa aisikrimu ulioingia kwenye friji ukiwa moto uliganda kabla ya ule ambao haukuchemshwa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni aliyekuja kuzungumza nao, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Msomi huyo hakumkejeli. Alikwenda kulipima jambo lenyewe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala iliyoifanya dunia ilifahamu jina la Mpemba. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo. Asiyesikiliza swali la mtu wa kawaida hawezi kumjibu, na huenda akapitwa na elimu mpya.

Nini kifanyike basi? Kwanza, kila tasnifu ya sayansi iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi. Pili, kila mwanafunzi kabla ya kuhitimu azungumze kwa dakika kumi mbele ya watu wasio wasomi wa fani yake, kisha wao waeleze walichoelewa. Alama zitolewe kwa kile walichoelewa wasikilizaji, siyo kwa ufasaha wa msemaji. Tatu, sisi wa redio na magazeti tuwafungulie vijana hawa milango, na tuwaulize maswali ambayo mwananchi angeuliza.

Wazee walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Vyuo hivi vinaendeshwa kwa kodi ya wakulima na wachuuzi. Wana haki ya kurudishiwa elimu hiyo kwa lugha wanayoielewa, na kabla ya msimu wa mavuno, si baada ya mazishi.